Sekunde Tisini za Watu wa Visimani

Kikusanyi, programu inayokagua kanuni zangu, kilinikatalia kwa mara ya tisa Jumanne jioni, baada ya kunisubirisha saa sita kama mtu aliyekwenda kuomba cheti cha kuzaliwa. Mstari mwekundu ulitokea kwenye kioo, mmoja tu, umetulia: *Ushahidi 7716 umehama. Kanuni hazikukusanywa.* Niliegemea kiti nikamtukana aliyekibuni kikusanyi kile, halafu nikakumbuka kwamba mimi ni mmoja wa waliokibuni.

Zilikuwa zimebaki siku chache mno. Ijumaa saa nne asubuhi Baraza la Uchunguzi lingetoa hukumu ya Bi Nyamizi Luhende, msimamizi wa zamu katika kisima cha mvuke namba nne, kwa vifo vya watu kumi na mmoja. Wajumbe wa baraza walikuwa na kipande kimoja tu cha maneno yake mbele yao: "Mimi ndiye niliyefunga mlango wa chini." Hakuna kilichotangulia, hakuna kilichofuata. Ukipewa kipande hicho peke yake, hata wewe ungemfunga maisha.

Aliyekikata kipande hicho hapo ni mimi, Mashavu Kitwana, fundi mkuu wa kanuni. Sikukikata kwa mkono. Nilikikata kwa mstari mmoja niliouandika miaka minne kabla, nikiwa nimeshiba na nina furaha.

Katika baraza letu hakuna binadamu anayemsikiliza shahidi. Zamani walisikiliza makarani, na karani akiwa na binamu kizimbani, ushahidi ulitoka umenyolewa. Ndipo ikaletwa mashine tunayoiita Mkataji. Shahidi anaingia chumbani peke yake, taa ya kijani inawaka, anasema. Mkataji anayagawa maneno yake vipande, anavipa namba, na wajumbe wanavisoma kwenye karatasi bila kusikia sauti, lafudhi wala kilio. Ni utaratibu mzuri, niliutetea mwenyewe redioni. Lakini mashine haijui mtu amemaliza kusema mpaka iambiwe, na kuiambia ndiyo kazi yangu. Ninaandika kanuni za kukata na kanuni za kutokata kwa lugha ya mashine iitwayo Ngeu, nazipanga juu kwenda chini, na ile inayolingana kwanza ndiyo inayoshinda. Sauti ikishuka, kata. Akikohoa, usikate. Akinyamaza sekunde nane, kata, funga ushahidi, zima taa. Kisha kikusanyi kinazichukua kanuni zote na kuzigeuza kuwa kitu ambacho Mkataji anaweza kukitii.

Hizo sekunde nane zilinitoa jasho. Mimi nilipendekeza ishirini. Msajili wa baraza, Bwana Kaijage, alitaka nne, kwa kuwa foleni ya mashahidi ilikuwa imefika barabarani. Tulivutana wiki nzima mpaka tukaangukia nane, foleni ikaisha, nikapewa cheti chenye fremu. Bado kiko ukutani. Jumanne ile nilikitazama nikatamani kukivunja.

*

Nilimfahamu Bi Nyamizi wiki moja kabla ya hapo, kwa sababu faili lake lilinikera. Lilikuwa na dakika kumi na nne za sauti na kipande kimoja cha maneno, na hesabu hiyo haikuniingia akilini. Nikaomba ruhusa, nikaenda mahabusu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono iliyoungua zamani na kupona vibaya. Nilimsalimia, akaniitikia, akanyamaza akinitazama. Nilimuuliza ametokea wapi, akasema Kisaka, akanyamaza tena akinitazama. Kila sentensi moja, macho. Nilianza kuona kwamba ananidharau, na sikuwa na subira ya kudharauliwa siku ile. Askari wa mlangoni, dada mmoja aliyewahi kufanya kazi visimani kabla ya kuvaa sare, ndiye aliyenihurumia.

"Mwambie imefika, injinia," akasema. "La sivyo mtakaa hapo mpaka kesho."

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo watu wa visimani wanalijua kama wanavyojua kula, na ambalo hakuna hata mmoja wetu wa ofisini aliyewahi kuliuliza. Kule chini, kilomita tatu ndani ya mwamba wa moto, mawasiliano yanapita kwenye waya mmoja. Ukisema husikii, ukisikia husemi, na mvuke unanguruma muda wote. Kwa hiyo mtu anatoa neno moja, ananyamaza, anangoja mwenzake ajibu "imefika." Neno lisilopokelewa halijasemwa. Kutoa la pili juu ya la kwanza ambalo halijafika ni kosa la kufukuzwa kazi, kwa kuwa watu wamewahi kupikwa wazima kwa sababu hiyo. Kama jibu haliji, unahesabu mpaka tisini ukipiga vidole pajani, na hapo unachukulia kwamba waya umekatika, unatuma yaliyobaki yote bila jibu na kumwachia Mungu. Wanafundishwa hivyo kwa miaka miwili kabla ya kushuka, na haiwatoki tena, hata sokoni, hata nyumbani kwao.

Nilimtazama Bi Nyamizi. Nikazikumbuka sekunde zangu nane.

"Nilitoa neno, hawakulipokea," akasema.

"Imefika."

"Nikahesabu tisini. Nikatuma yaliyobaki. Taa ilikuwa imezimwa, na karani alikuja kunitoa na faili kwapani."

"Imefika."

"Nilidhani ndivyo mnavyokataa maneno ya mtu, nyinyi watu wa juu."

Akaendelea kunitazama, maskini, akingoja, mpaka yule askari akajibu kwa niaba yangu.

*

Sauti nzima tunaruhusiwa kuisikia sisi mafundi tu, kwa majaribio na kwa kiapo. Niliisikia ya Bi Nyamizi jioni hiyo. Mimi ndiye niliyefunga mlango wa chini, anasema. Kimya. Sekunde ya nane kengele ndogo inalia, ushahidi umefungwa, taa imezimika. Kinasa sauti hakizimwi mpaka mlango ufunguliwe, na yeye anaendelea kuhesabu, vidole vyake vinasikika juu ya kitambaa cha sketi. Halafu anasema kwamba bomba lilipasuka chini, kwamba Mabula, kiongozi wa wale kumi na mmoja, alimwambia kwenye waya afunge mlango kwa kuwa wao wameshakwisha na juu wako watu arobaini. Alimwambia mara tatu, na mara tatu zote yeye hakujibu imefika, ili neno lile liwe halijasemwa. Mara ya nne akampokea, akafunga.

Nilivua vipokea sauti nikaenda kunawa uso.

Nilimwendea Kaijage asubuhi nikiwa na hasira za kutosha watu wawili. Alinisikiliza vizuri, kwa kweli, na uso wake ukabadilika. Lakini akanikumbusha sheria ambayo nami niliipigia kura: ushahidi uliofungwa na Mkataji haufunguliwi na mkono wa mtu. Unafunguliwa na kanuni tu, na kanuni ni moja kwa wote, wa jana na wa leo. Ukibadilisha mstari mmoja, kikusanyi kinaupitia upya kila ushahidi uliowahi kutolewa, elfu arobaini na moja, na ukihama hata mmoja, yaani ukikatwa mahali pengine, kinakataa, isipokuwa mwenyewe aridhie kwa sauti yake. Tuliiweka sheria hiyo ili asitokee mkubwa wa kufungua mafaili ya maadui zake usiku na mchana. Ni sheria nzuri. Nyumba nzima hii imejaa sheria nzuri, na mwanamke anakwenda kufungwa.

Bi Nyamizi aliridhia siku hiyohiyo, basi nikaanza. Kwanza niliongeza sekunde kwa watu wote, ukahama ushahidi wa watu mia mbili na kumi na wanne. Nikabana kanuni iwahusu watu wa kazi za hatari tu, ikawa thelathini na saba. Nikabana tena, na tena, kila jaribio saa sita, na kila nikigusa mstari kikusanyi kinaanza safari yake upya toka ushahidi wa kwanza. Nilikula ofisini. Nilimgombeza mtu wa chai bila kosa. Mwishowe nikaandika kanuni niliyoiona safi kabisa: shahidi akiwa mtu wa visimani, ngoja sekunde mia. Hapo ndipo nilipopata ule mstari mwekundu mmoja, na namba 7716.

Nikafungua sauti yake. Hamdani Chitete, mwangalizi wa kipimo, kisima namba mbili, miaka mitatu iliyopita. Alishtakiwa kwamba alizembea, kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Mbwana akaunguzwa na mvuke hadi kufa. Kipande kilichowafikia wajumbe kilisema: "Nilikuwa macho kwenye kipimo." Wakamwachia. Lakini sauti iliendelea. Kengele, taa, vidole pajani, hesabu ndefu. Halafu mzee akasema kwa sauti iliyopasuka: "Mpaka saa saba. Baada ya hapo nililala. Mbwana alinipigia kwenye waya, nami nimelala." Akanyamaza akingoja apokelewe, na hakuna aliyempokea, mpaka mlango ukafunguliwa.

Sekunde zangu nane zilikuwa zimemwokoa huyu kwa ukatili uleule uliomwangamiza yule. Na wote wawili walikuwa wamesema kweli.

*

Jumatano Kaijage alifunga mlango wa ofisi yake kabla ya kunishauri, nikajua ushauri wenyewe si wa halali.

"Weka tarehe," akasema. "Kanuni ianze na ushahidi wa mwaka huu. Kikusanyi hakikagui tarehe, nyinyi mafundi mnalijua hilo. Bi Nyamizi anatoka, mzee wa watu analala kwake. Nani ameumia?"

Nilirudi mezani nikaiandika ile tarehe. Iliingia vizuri, herufi chache tu, ikakaa mwisho wa kanuni kama iliyozaliwa pale. Sitajifanya malaika: nilikaa mbele yake kwa muda mrefu nikitafuta sababu ya kutobonyeza, na kila sababu niliyoipata niliichukia. Mbwana alikuwa na mama. Mama huyo aliambiwa na baraza kwamba hakuna aliyelala. Na mzee Hamdani alitoa neno lake lote, akahesabu tisini, akalituma. Mara ya kwanza nilimkata bila kujua. Nikibonyeza sasa nitakuwa nimemkata nikijua, na kila siku nitajiambia kwamba nilimfanyia hisani.

Nikaifuta tarehe, kanuni ikarudi ilivyokuwa, nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliiacha kalamu mdomoni mpaka nyumbani.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa Kisaka, kwenye mabanda ya mboga yanayopashwa joto kwa mabomba ya mvuke. Mzee Hamdani alikuwa akifunga miche ya nyanya kwenye vijiti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa ndoo nikalie. Nikajitambulisha, nikamweleza mambo yote tangu mwanzo, neno moja moja, na kila neno nilingoja aseme imefika, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimejifunza adabu. Alinijibu kila mara. Nilipofika kwenye kengele ya sekunde ya nane hakujibu, akanirudisha nyuma.

"Rudia hapo."

"Hawakusikia kwamba ulilala, mzee wangu. Walisoma kwamba ulikuwa macho, basi."

Akaiweka kamba chini.

"Mimi niliwaambia," akasema. "Niliwaambia yote. Ikaja barua kwamba sina hatia, nikasema hawa watu wamesikia na wamenisamehe. Kila alfajiri nawaombea dua kwa jambo hilo."

Nikasema imefika. Nilitamani niwe popote pengine.

Akaniambia kwamba mama yake Mbwana, Bi Sijaona, huteremka kila Jumamosi kuuza maharage. Jumamosi ya kwanza baada ya barua, yeye Hamdani alimwendea akamsalimia, na mama yule akaitikia vizuri, akamuulizia na mgongo wake. Hamdani alirudi nyumbani akalia, akijua kwamba hata mama wa marehemu ameyasikia na bado ameitikia salamu yake. Tangu siku hiyo hajakosa Jumamosi hata moja. Amembebea magunia. Mwaka jana amemwezekea jiko.

"Kumbe hajui," akasema.

"Hajui."

"Kumbe nimekuwa namdanganya mama wa watu."

Nilimwambia hakudanganya, kwamba aliyefanya hivyo ni mimi na mashine yangu, na hakunisikiliza wala sikumlaumu. Nikamweleza habari za ridhaa. Nikamweleza kuhusu Bi Nyamizi, ingawa alikuwa anamfahamu, kwa kuwa watu wa visimani wote wanafahamiana. Nikamwambia kwamba akikataa sheria iko upande wake, na mimi nitarudi nikajaribu njia nyingine, japo nilijua kwamba njia nyingine hakuna.

Hakukataa. Aliniomba kifaa cha kurekodia, akakishika kwa mikono miwili, akataja jina lake na namba yake ya zamani ya kisima, akasema anaridhia maneno yake yafunguliwe yote. Halafu akaniuliza nini kitafuata. Nikamweleza: kikusanyi kikimaliza, taarifa zinakwenda zenyewe, saa ileile, kwa kila mtu anayehusika. Kwa wajumbe, kwake yeye, na kwa mama wa marehemu.

"Kwenye simu yake?"

"Kwenye simu yake."

"Basi nifike kabla," akasema. "Asiyasome. Niyaseme mimi. Una muda gani?"

Barabara ya kwenda kwa Bi Sijaona ilikuwa imekatika tangu mvua za Machi, na kwa miguu ni mwendo wa saa tano kwa kijana. Nilipiga hesabu. Nikianzisha kazi saa nne, na kikusanyi kwa saa sita, ni saa kumi alasiri. Nikamwambia saa sita, mzee wangu, hakijawahi kuchukua pungufu, mimi nimekaa nacho wiki nzima na kila mara ni saa sita.

"Imefika," akasema, akavaa viatu, akaondoka bila kunywa hata maji.

*

Nilianzisha kazi saa nne na dakika tano. Niliingiza ridhaa, nikabonyeza, nikaenda kutafuta chai na kumwomba radhi mtu wa chai. Nilijua nina siku nzima ya kungoja, na kwa mara ya kwanza sikuuchukia ule ungojaji. Nilimfikiria mzee akipanda mlima na saa zangu sita mfukoni.

Niliporudi na kikombe, kioo kilikuwa cha kijani. *Makosa: hakuna. Kanuni zimekusanywa. Taarifa zimetumwa: 9.* Saa ilikuwa nne na dakika kumi.

Kikombe nilikiweka mezani kwa uangalifu, nakumbuka hilo. Kikusanyi hukumbuka kazi kiliyokwisha kuifanya. Ukibadilisha mstari kinaanza upya, saa sita, na mimi wiki nzima nilikuwa nabadilisha mistari. Lakini safari hii sikuwa nimegusa mstari wowote. Kanuni ilikuwa ileile ya Jumanne, herufi kwa herufi, na ushahidi wote elfu arobaini na moja kilikuwa kimeshaupitia na kuuweka. Ilibaki ridhaa tu. Uwezo huo wa kukumbuka niliuomba mimi, kwenye kikao, miaka miwili iliyopita, nikilalamika kwamba tunapoteza muda. Hata wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeliona hilo. Mimi nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nikampa mzee ahadi kwa mazoea.

Nilimpigia simu. Haikupatikana; bondeni hakuna mtandao. Nikapiga tena, nikapiga mara kumi na nne. Nilimpigia Kaijage anitafutie namna ya kuirudisha taarifa, akasema taarifa hairudishwi, akasema taratibu, kwa kuwa alinisikia nikilia. Saa nne na nusu mashine ikanionyesha kwamba taarifa ya Bi Sijaona imefunguliwa.

Ijumaa wajumbe walisoma vipande vyote vya Bi Nyamizi, kumi na tisa. Kabla ya saa tano alikuwa huru. Ndugu zake walikuwa wamejaa uani, na ndugu za wale kumi na mmoja pia, na mmoja wao, binti wa Mabula, alimshika mkono Bi Nyamizi hakumwachia. Watu walinitafuta wanishukuru. Nilipita mlango wa nyuma.

Mzee Hamdani alikuwa amesimama pale, viatu vina tope mpaka vifundoni, na barua ya wito wa baraza mkononi. Nilimwamkia akaitikia. Nilitaka kumwambia habari za kikusanyi, za kazi iliyohifadhiwa na ridhaa na dakika tano, na nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu jana, lakini nilipomtazama niliona hayana maana yoyote kwake.

"Nilifika saa tisa," akasema. "Nilimkuta ameshaisoma."

"Imefika."

"Alikuwa amekaa mlangoni na simu mapajani. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu. Miaka mitatu hii, nilikuwa namsalimia kwa lipi."

Nilifungua mdomo kumpokea, neno halikutoka. Alingoja. Niliviona vidole vyake vikianza kuhesabu kwenye suruali, polepole, na mimi nimesimama mbele yake nasikia vizuri kabisa. Alipomaliza hesabu yake akaniuliza aingie mlango upi, nikamwonyesha.